Nitaiona Picha Yako

Nimepiga picha za altrasaundi kwa miaka mingi katika kliniki moja ndogo hapa Kisumu, na kwa muda wote huo sikuwahi kumwachia mgonjwa ashike kifaa. Kazi ya mgonjwa ilikuwa kulala, kupandisha nguo na kulalamika kwamba jeli ni baridi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia skrini na kunyamaza, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba habari, ziwe njema au mbaya, hutolewa na daktari. Kwa hiyo rafiki yangu alipokuja nyumbani kwangu Kaloleni akaniambia anataka niwafundishe wagonjwa kujipiga picha wenyewe, tena kwa video, nilicheka hadi nikaweka kikombe chini.

"Cheka tu," akasema. "Ngoja uone."

Akatoa mkobani kitu kidogo kinachofanana na mashine ya kinyozi, akakichomeka kwenye simu yake. Pale pale kwenye kochi langu akafungua vifungo viwili vya blauzi, akapaka jeli, akakiweka kifaa kati ya mbavu mbili. Pafu lake likatokea kwenye simu, likiteleza kila alipovuta pumzi. Mashine yangu ya kliniki ni kubwa kama friji. Niliacha kucheka.

Huyu rafiki yangu ni lazima nimweleze, maana bila kumjua hamtaelewa kwa nini sikumuuliza maswali zaidi. Tulisoma chuo kimoja, tukalala kitanda kimoja muhula mzima kwa sababu vitanda havikutosha. Mimi nilibaki kwenye kliniki. Yeye alikuwa na ulimi na akaenda kwenye miradi ya afya, akapanda cheo. Mume wangu alipofariki, ni yeye aliyesimama jikoni siku tatu akisonga ugali wa waombolezaji, na sufuria ya mwisho ilipooshwa ndipo alipokaa chini akalia pamoja nami. Aliniita *osiepna*, rafiki yangu kwa Kijaluo, hata mbele ya wakubwa wake. Mtu wa namna hiyo humwombi akupe ahadi kwa maandishi.

Mradi wake ulikuwa wa watu wenye moyo dhaifu. Moyo ukichoka kusukuma damu, maji huanza kujikusanya kwenye mapafu, na hujikusanya kimya kimya siku kadhaa kabla mtu hajaanza kuhema. Wengi hufika hospitali wakiwa wamebebwa. Lakini kwenye picha yale maji huonekana mapema. Pafu kavu huonyesha mistari iliyolala, kama mistari ya daftari. Pafu lenye maji huonyesha miale iliyosimama, inayoshuka toka juu hadi chini kama mwanga wa tochi. Ukihesabu miale mitatu au zaidi mahali pamoja, hali si nzuri. Ni jambo ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angeweza kuliona, mradi awe ameonyeshwa mara moja.

"Na nani ataziangalia hizo picha?" nikamuuliza.

"Si wewe? Mtu anajipiga asubuhi, picha zinakuja kwa simu ya mradi, na hiyo simu unakaa nayo wewe. Unaziangalia kabla hujaenda kazini. Ukiona kitu hukipendi, unampigia."

Nikakubali.

Video ya kwanza tuliirekodi sebuleni kwangu, tumetundika shuka jeupe ukutani, yeye akishika simu na mimi nikisoma karatasi. Nilisema "eneo la juu la kifua" na "hakikisha kifaa kimeelekezwa ipasavyo". Tuliiona nzuri sana. Tukaipeleka Ahero kwa mzee mmoja, mgonjwa wetu wa kwanza, ili tuijaribu.

Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mrefu mwenye vifundo vya miguu vilivyovimba, aliyelima mpunga na mkewe kwenye kishamba chao karibu na mfereji. Alivaa miwani, akaitazama video yote kimya huku mkewe ameshika kifaa kama mtu aliyeshikishwa yai la mtu mwingine. Kisha akajaribu. Kioo cha simu kikabaki cheusi. Kifaa alikuwa amekishika juu chini, na jeli alikuwa hajapaka, kwa sababu kwenye video jeli niliitaja mara moja tu, mwishoni mwa sentensi ndefu.

Akavua miwani. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nimekaguliwa na wakaguzi wa shule miaka mingi. Najua mtu anayefundisha ili mwanafunzi aelewe, na najua mtu anayefundisha ili mkaguzi asikie. Wewe hapa unafundishia mkaguzi."

Rafiki yangu akacheka. Mimi nilitamani kuingia chini ya kiti.

"Anza na makosa," mzee akaendelea. "Onyesha picha nyeusi, useme, ukiona hivi, umesahau jeli. Onyesha picha iliyoenda kombo, useme, ukiona hivi, umekaa juu ya mfupa, sogea kidogo. Mwanafunzi akikutana na kosa ambalo amekwisha kuliona, haogopi. Na usiseme 'eneo'. Sema 'hapa', uweke kidole."

Tulirekodi upya siku hiyo hiyo, uani kwake, kuku wakipita nyuma yangu. Niliweka kidole. Nilisema, "Kuna nukta ndogo kwenye kifaa, ielekee kichwani kwako, siyo miguuni." Nilisema, "Kulia juu, kulia chini, kushoto juu, kushoto chini, umemaliza." Nilirekodi kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, na kwa Kijaluo mkewe alinisahihisha neno la ubavu. Tulipokaribia kumaliza, mzee aliinua mkono kama mtoto darasani.

"Na nikishapiga, nani anaona?"

"Mimi."

"Basi sema hivyo. Mtu akijua kuna mtu upande ule, mkono hautetemeki."

Ndivyo ilivyoingia ile sentensi. Nilitazama simu nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, ile ninayotumia na majirani: "Ukimaliza, tuma. Mimi mwenyewe nitaiona picha yako, na kama kuna tatizo nitakupigia simu siku hiyo hiyo."

Wagonjwa wa kwanza walikuwa kumi na wanane. Tuliwakusanya mara moja kwenye ukumbi wa kanisa, wakapewa vifaa na video, nikaandika majina na nambari zao kwenye daftari langu la kawaida, wakarudi kwao. Wiki ya kwanza nilipokea picha za meza, za paja, na moja ya mto wa kulalia. Wiki ya pili yakaanza kutokea mapafu. Kufikia mwezi wa pili niliwajua wote kwa mbavu zao kabla sijasoma majina. Nilikuwa naamka, naweka chai jikoni, nafungua simu ya mradi, na watu wananijia mmoja mmoja wakipumua kwenye kiganja changu.

Asubuhi moja mama mmoja anayeuza omena pale Otonglo alituma picha yenye miale minne iliyosimama upande wa kulia. Nikampigia.

"Lakini daktari, mimi niko sawa," akasema. "Niko sokoni, nimepanga samaki."

"Mama, mimi si daktari. Lakini acha samaki, uende hospitali sasa."

Akaenda akinung'unika. Daktari akamwongezea tembe za kutoa maji, na baada ya siku tatu picha zake zikawa safi. Alinitumia furushi la omena kwa mtu wa bodaboda. Niliwahi kupiga maelfu ya picha, lakini sikuwahi kuletewa omena.

Mzee wa Ahero yeye hakutuma picha tupu. Chini ya kila picha aliandika maelezo, kama anayesahihisha daftari. "Kulia chini, mwale mmoja. Nimejipa nane juu ya kumi." "Leo mkono umetetemeka, sita." Nami nilimjibu, "Vizuri, Mwalimu." Hilo tu. Hakuwahi kuwa na miale zaidi ya miwili.

Mradi ulipokaribia mwaka, rafiki yangu alinialika chakula cha mchana, tukala samaki wa kukaanga, ngege. Alikuwa na furaha. Mradi umependwa, akasema. Unapelekwa kaunti nyingine, na video yangu itaenda huko pia.

"Watu watakuwa wengi, hutaweza peke yako," akasema. "Tumepata daktari Nairobi. Ataziangalia zote. Wewe pumzika, osiepna. Rudisha simu mwisho wa mwezi."

"Na ile sentensi kwenye video? Inasema mimi."

"Tutaibadilisha. Nitakuita urekodi nyingine."

"Nitawaambia wale wangu kumi na wanane."

"Usiwapigie, utawachanganya. Ofisi itawatumia ujumbe. Daktari atajitambulisha mwenyewe."

Nilirudisha simu. Nilingoja kuitwa kurekodi. Baada ya wiki tatu nilimuuliza, akasema video iko kwa mtu wa kuhariri. Baada ya mwezi mwingine nilimuuliza tena, akasema bado kidogo. Sikuuliza mara ya tatu. Nataka kusema ukweli hapa: asubuhi zangu zilikuwa zimerudi. Nilikuwa nakunywa chai ikiwa moto. Nilimwamini kwa sababu alikuwa rafiki yangu, na pia kwa sababu kumwamini kulinipa nafasi ya kulala.

Kisha mvua ndefu zikaanza. Kano, ambako Ahero iko, ni tambarare, na maji yakija Ahero hayana haraka ya kuondoka. Tulisikia barabara fulani zimekatika, watu wamehamia shuleni. Niliwaza mpunga wa mzee. Mapafu yake sikuyawaza, maana nilijua kuna daktari anayeyaangalia.

Siku moja, katikati ya asubuhi, nilitoka kwenye chumba changu kumwita mgonjwa anayefuata, nikamwona mke wa mzee kwenye benchi. Viatu vyake vilikuwa na tope lililokauka hadi vifundoni. Nilifurahi. Nikamwita ndani, nikamsalimia kwa Kijaluo, nikamvutia kiti. Alinyoosha mkono, lakini hakukaa.

"Sikuja kupigwa picha," akasema.

Akafungua pindo la leso, akatoa simu ya mzee, akaifungua pole pole kwa kidole kimoja kisha akanipa.

Picha zilikuwa za siku nne mfululizo. Ya Jumatatu: miale minne kulia chini, mirefu, myeupe, hata mtu asiye na miwani angeihesabu. Chini yake mzee alikuwa ameandika, "Kulia chini, minne. Sijipi alama. Nangoja simu yako." Ya Jumanne: "Kushoto pia. Nangoja." Ya Jumatano picha yenyewe ilikuwa imechezacheza, na maneno yalikuwa mawili, "Mwalimu, vipi?" Ya Alhamisi haikuwa na maneno. Sehemu ya chini ya kioo ilikuwa nyeupe yote, miale imeshikana.

Aliyekuwa akimwandikia ni mimi. Hakuna aliyemjibu.

"Jumatatu barabara ilikuwa inapitika," mkewe akasema. "Nilimwambia, Baba, twende. Akasema, hapana, yule mama anaangalia, ingekuwa mbaya angekuwa amepiga. Jumanne nikamwambia tena. Akanifungulia video. Akaniambia, sikiliza. Nikakusikiliza. Sauti ni yako. Alhamisi maji yalikuwa yameingia nyumbani, akiwa amekaa kwa kiti kwa sababu kulala hawezi, na tulimtoa na trekta ya jirani. Sasa yuko hospitali kubwa, amewekewa hewa."

Niliiweka simu mezani.

"Nimekuja nikuulize kitu moja tu. Hizi picha, uliziona?"

"Sikuziona, Mama."

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa jibu lolote isipokuwa hilo. Kama ningekuwa nimeziona nikapuuza, angenilaani akaondoka. Kama simu ingekuwa imeharibika, angenisamehe.

"Sasa kama huzioni," akasema, "kwa nini ulisema unaziona?"

Nilimweleza kuhusu daktari wa Nairobi. Hata nilipokuwa nikieleza nilisikia jinsi maneno yalivyokuwa membamba. Akachukua simu yake, akaifunga tena kwenye pindo. "Sisi huyo daktari hatumjui," akasema. "Hakuna mtu alituandikia." Akatoka. Hakunipa mkono.

Mchana nilikwenda ofisini kwa rafiki yangu. Ofisi yao iko ghorofani, na dirishani unaliona ziwa limefunikwa na magugu hadi karibu na ufuo. Aliinuka kunikumbatia. Nilibaki nimesimama, naye akaona, akafunga mlango.

"Daktari wa Nairobi anaitwa nani?" nikamuuliza.

Akakaa. "Alikuwa aje. Mkataba wake ulikwama."

"Ulikwama lini?"

"Mapema."

"Kwa hiyo tangu nirudishe simu, nani amekuwa akiangalia?"

"Picha zinahifadhiwa zote. Hazijapotea. Zitachambuliwa."

"Nani amekuwa akiangalia?"

"Hakuna," akasema.

Simu ya mradi, ile niliyolala nayo karibu na mto mwaka mzima, ilikuwa kwenye droo ya meza yake. Aliifungua droo akanionyesha, sijui kwa nini. Labda alitaka nijue kwamba haikutupwa. Haikuwa na chaji.

"Na ile sentensi? Ulisema itabadilishwa."

Hapo ndipo aliponiambia lililobaki. Alisema waliibadilisha. Mapema kabisa waliikata ile sehemu, wakatuma video bila hiyo, na wale watu wa kaunti mpya wakaanza kulegea. Walijipiga mara mbili tatu kisha wakaacha. Waliporudisha sauti yangu, wakaanza tena kutuma kila siku.

"Bila picha hakuna mradi," akasema. "Bila mradi hakuna hata huyo daktari wa kumngoja. Nilikuwa natafuta muda. Ungekuwa mahali pangu ungefanya nini, osiepna?"

"Usiniite hivyo."

"Nilikusudia kukuambia."

"Uliwahi kuja kwangu mara ngapi tangu wakati huo? Ulikula kwangu Krismasi. Ulikaa kwenye kochi langu."

Akaanza kulia. Mimi sikuwa na machozi. Niliangalia mikono yake, iliyosonga ugali wa matanga ya mume wangu, nikajaribu kuona kama ni mikono ileile. Ilikuwa ileile. Ingekuwa rahisi kama angekuwa amegeuka mtu mwingine.

Nilirudi kliniki nikamaliza foleni. Jioni, nikiwa bado na koti la kazi, nilitoa daftari langu nikaanza kuwapigia wale wengine kumi na saba kwa simu yangu mwenyewe. Sikuandaa maneno. Nilisema: "Ni mimi wa kwenye video. Nimepiga kuwaambia kwamba siangalii picha zenu, wala hakuna mtu anayeziangalia. Ukiona miale mitatu iliyosimama, usingoje mtu. Nenda hospitali."

Wengine walishukuru. Mmoja alikata simu. Wawili walikuwa wameshafariki, na waliopokea walikuwa watoto wao. Mmoja wao aliniuliza kama baba yake alikuwa akituma picha wiki zile za mwisho, nikamwambia sijui, kwa sababu kweli sikujua, na hadi leo sijui. Mama wa Otonglo ndiye aliyeongea zaidi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hiyo sauti kwa simu ni ya nani?"

"Yangu."

"Na inatudanganya?"

"Ndiyo, Mama. Inadanganya."

"Na wewe uliambiwa useme hivyo?"

"Niliposema, ilikuwa kweli."

Nyuma yake nilisikia mtu akiuliza bei. "Mimi nimekuwa nikikusalimia kila asubuhi," akasema mwishowe. "Nikituma, nasema, oyawore, mama. Kumbe nasalimia ukuta." Kisha akamjibu mteja wake, na simu ikabaki wazi mpaka nikaikata mimi.

Wa kaunti nyingine sikuwa na nambari zao. Niliandika barua kwa ofisi ya afya inayosimamia mambo hayo, nikaeleza kila kitu, na jina la rafiki yangu nililiandika kwa mkono wangu. Niliketi na barua hiyo siku mbili kabla ya kuipeleka. Mradi ulisimamishwa baada ya wiki kadhaa, ujumbe ukatumwa kwa kila mtu, naye rafiki yangu akaondolewa kazini. Lakini video ilikuwa imeshasambaa kwenye makundi ya simu, watu wakirushiana, na mpaka leo bado natumiwa na watu wasionijua, wakiniambia hii ni nzuri, sikiliza.

Hospitali nilikwenda Jumamosi. Mzee alikuwa amekalishwa, mito mitatu nyuma yake, mirija puani. Mkewe aliponiona akainuka, akasema anakwenda kuchota maji, na alikaa huko muda wote niliokuwepo.

Nilimwambia yote. Sikumficha rafiki yangu wala kujificha mimi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Mimi nilijua Jumatatu," akasema, akipumua kila baada ya maneno machache. "Nilihesabu minne. Nikahesabu tena. Hukunifundisha vibaya. Nilikuwa na jibu mkononi, nikakaa nalo nikingoja mwalimu asahihishe. Na mimi ni mwalimu."

"Ni kosa langu, Mzee. Niliwafundisha kupiga, sikuwafundisha kuamua."

"Ndiyo," akasema.

Nilitarajia aongeze kitu cha kunipunguzia lawama. Hakuongeza. Ni kweli kwamba katika video nzima hakuna mahali nilipowaambia ukiona hivi, ondoka nyumbani. Niliwaonyesha miale, nikaihesabu nao, kisha nikasema tuma. Nilikuwa bado na ile tabia ya chuo, kwamba picha ni ya mgonjwa lakini maana yake ni yetu. Rafiki yangu alinisaliti, hilo silipunguzi. Ila mlango aliopitia niliuacha wazi mimi.

"Umenisamehe?" nikamuuliza. Lilikuwa swali la kitoto, na nilijua nikiwa bado naliuliza.

"Ngoja kwanza nipumue," akasema.

Alitoka hospitali baada ya wiki mbili, lakini shambani hakurudi. Moyo ulikuwa umepoteza kitu ambacho haukukipata tena. Anatembea hadi mlangoni, anapumzika, anarudi. Mpunga wao sasa unalimwa na ndugu zao. Baada ya miezi michache alikuja kliniki na mkewe, wakapanga foleni kama watu wengine. Zamu yao ilipofika alilala kitandani, nami nikachukua jeli.

"Geuza hiyo skrini," akasema. "Nione."

Niliigeuza. Alivaa miwani akasoma mwenyewe, kulia juu, kulia chini, kwa sauti, na nilipotaka kusema neno aliinua kidole nikanyamaza. Kushoto chini aliona miwili. Akamwambia mkewe wampitie daktari kabla ya kurudi Ahero. Alipokuwa akifunga shati aliniambia kuna watu wengine wanne pale kwao wenye ugonjwa kama wake, na kwamba kama nina nafasi Jumamosi niende, lakini bila kamera. Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni. Alisema, bila kugeuka, kwamba siku hizi barabara iko sawa.

Naenda, Jumamosi moja kila mwezi. Tunakaa watu saba, tunapaka jeli, tunakosea. Kitu cha kwanza ninachowafundisha sasa ni kwa nani wataenda wakihesabu miale mitatu.

Rafiki yangu nilikutana naye mara moja tu, kwenye duka kubwa mjini, mbele ya rafu ya sabuni. Amepata kazi Nairobi na alikuwa amekuja kumwona mama yake. Amekonda. Nilimwona kabla hajaniona, na mwili wangu ulifurahi kabla sijaukumbusha. Alifungua mikono kidogo, kisha akaishusha. Tukapeana mkono. Nikamuuliza mama yake anaendeleaje, akasema mguu bado unamsumbua, haamki vizuri asubuhi. Nikasema pole, nisalimie. Akasema salamu zitafika. Akachukua sabuni mbili akaziangalia kana kwamba bei zake zimeandikwa kwa lugha asiyoijua, akairudisha moja, akaenda kulipa. Mimi nilibaki pale mpaka nilipohakikisha ametoka.